Maua ya Dakika ya Mwisho

"Haki ya Mungu, soja ananunua dawa ya usingizi! Bosi wako anajua?"

Kioko aligeuka, mfuko mkononi. Alhamisi hiyo jioni kichochoro cha viungo pale Souq Waqif kilikuwa kimejaa mpaka mtu anapita upande upande kama kaa. Magunia ya iliki, ndimu zilizokauka zikawa nyeusi, mawaridi, ubani unafuka juu ya kaunta. Na katikati ya hayo yote amesimama mwanamke, mkono kiunoni, dera la zambarau, kilemba cha njano, kucha kumi zenye rangi kumi tofauti.

"Nani amekuambia ni dawa ya usingizi?"

"Nimemsikia mwenye duka. Si umesema hivyo, mzee?"

Mwenye duka alikuwa Mhadhrami aliyekulia Malindi kabla ya kuja Ghuba, na Kiswahili chake hakikuwahi kuondoka Malindi. Alitikisa ndevu. "Hashishat ad-dinar. Wachemsha kidogo, wanywa, walala kama mtoto mchanga."

"Umeona?" mwanamke akasema. "Wezi waje wakukute getini unakoroma, mate yanatiririka kwenye yunifomu. Na vile umeipiga pasi."

Kweli alikuwa ameipiga pasi. Shati la samawati, mstari wa suruali ungekata mkate, buti zinang'aa. Kioko alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia Doha ila hiyo pasi.

"Mimi siinywi," akasema. "Nainusa tu."

"Unanusa! Hiyo sasa ndiyo mbaya zaidi."

Akafungua mfuko akamsogezea. "Nusa na wewe, kisha uniseme."

Ndani kulikuwa na maua makavu ya kijani kibichi, mepesi kama yamekatwa kwa karatasi. Mwanamke aliinama kwa mashaka, akanusa. Ganda la chungwa. Majani yaliyofyekwa asubuhi. Kitu kingine kama utomvu wa mti. Akafumba macho, na uso wote ule wa mzaha ukalegea, akawa mtu mwingine.

"Wewe. Hii ni nini?"

"Hopsi. Ndiyo inayotiwa kwenye bia."

Alifumbua macho haraka, akaangalia kushoto na kulia. "Shh! Unataka tupandishwe ndege sisi?" Kisha akacheka kwa sauti, kicheko kirefu kinachopanda ngazi, mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua cha kuchekea.

Anaitwa Kwamboka. Alikuwa amekuja kununulia saluni majani ya mkunazi ya kuoshea nywele. Waliondoka pale wakiwa wamebadilishana namba, na hata hawajafika barabarani simu ya Kioko ikalia.

"Nani?"

"Mimi. Nahakikisha hukunipa namba ya uongo."

"Lakini niko nyuma yako hatua tatu."

"Najua. Usigeuke. Tembea hivyo hivyo, nakuangalia."

*

Miezi mitano walipendana kwa simu, kwa sababu wakubwa wa Doha hawana zamu ya mapenzi. Kioko alikuwa mlinzi kwenye maegesho ya chini ya jengo la maduka. Mtandao haushiki chini ya ardhi, kwa hiyo alikuwa akipanda njia ya magari mpaka juu, penye mwanga, amuambie Kwamboka maneno mawili, ashuke mbio kabla ya supavaiza wake, Nick, kupita. Kwamboka alikuwa akisuka watu vichwa Al Rayyan tangu asubuhi hadi vidole vife ganzi. Ijumaa ndiyo ilikuwa yao. Wanakutana Mesaimeer kwenye ibada ya kanisani, wakitoka wanatafuta kivuli chembamba cha ukuta, wanagawana soda moja.

Hapo ukutani ndipo Kioko alipomsimulia habari za kiwanda. Miaka kumi na mmoja huko nyumbani alisimama juu ya pipa la kuchemshia bia, kubwa kama nyumba, akilitia maua. Kazi yake ilikuwa hiyo tu na aliijua kuliko yeyote. Kisha wakubwa wakaleta mashine yenye taa, wakamwita ofisini, wakampa barua. Hawakumpa hata nafasi ya kutia maua ya siku hiyo, na pipa lilikuwa linachemka. Wakubwa ndivyo walivyo. Hawajui harufu ya kitu wanachouza. Wanajua barua.

"Sasa kutia maua kuna ujuzi gani?" Kwamboka aliuliza. "Si unamwaga tu?"

"Unamwaga tu! Sikiliza, mama. Unatia mara tatu. Ya kwanza, povu likishapanda na kuanguka. Hiyo inachemka saa nzima, harufu yake yote inakufa, kinabaki uchungu. Bia bila uchungu ni uji. Ya pili, zikibaki dakika kumi na tano. Hiyo ni ya ulimi. Ya tatu unatia wakati unazima moto. Hiyo haichemki kabisa. Hiyo ndiyo iliyokufanya ufumbe macho sokoni."

"Na maua ni yale yale?"

"Yale yale, mfuko ule ule. Tofauti ni saa."

Kwamboka alifikiria, akinyonya mrija wa soda iliyokwisha. "Kwa hiyo mimi ni wa dakika gani?"

"Wewe? Wewe ni wa moto kuzimwa."

"Yaani nimechelewa."

"Anayechelewa ndiye anayenukia."

"Maneno hayo ulimwambia nani mwingine, Mkamba wewe?" Lakini alikuwa amemshika mkono, na pale watu wengi waliona.

*

Kwamboka hakuwa na baba. Aliyesimama mahali pa baba ni mjomba wake, Philip, dereva wa nyumba moja kubwa huko Al Rayyan kwa miaka kumi na minne. Alikaa kwenye banda la uani, chumba kimoja na jiko dogo la nje lenye dirisha linaloangalia geti. Kioko alikwenda pale na buti zake zinang'aa, akasema alichokuja kusema.

Philip alimwacha amalize. Kisha akauliza, "Na pombe iko wapi?"

"Mjomba, hapa ni Qatar."

"Najua ni Qatar, ndimi niliyekufungulia geti. Nauliza pombe. Kwetu Gusii mazungumzo hayaanzi bila kitu kwenye chungu. Marehemu shemeji yangu nitamwambia nini? Kwamba nilimwozesha bintiye kwa juisi ya embe?"

"Mjomba, wacha hizo," Kwamboka akasema.

"Wewe nyamaza, wewe ndiye unayeozwa."

Alikuwa akitania. Lakini mzee akitania mbele ya mtu mwenye kiburi, aliyenyang'anywa kazi aliyoijua, ametoa amri. Kioko alisimama.

"Nitapika mwenyewe. Nitapika bia utalia."

"Mkamba apike bia Mgusii alie!" Philip alipiga goti. "Haya. Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Ukileta, nakupa msichana. Usipoleta, tutajua ulikuwa unanusa tu."

Kwamboka alimsindikiza hadi getini. "Kioko, anacheza. Nunua soda, atakunywa, atakubali."

"Hachezi."

"Na wakitushika?"

"Nani atashika? Kiganja cha maua na shayiri ya kondoo?"

Na kweli ilikuwa shayiri ya kondoo. Aliinunua Umm Salal kwenye duka la chakula cha mifugo, akailoweka, ikaota mizizi midogo myeupe chini ya gunia bichi. Kisha akaianika juu ya banda la Philip. Jua la Doha, ambalo limeua watu kwenye majengo, lilimkaushia kimea kwa siku mbili. Maua alirudi kuyanunua kwa yule Mhadhrami. Hamira iko kila duka.

Siku ikachaguliwa, Ijumaa. Kila Ijumaa saa nne asubuhi Philip humpeleka mama wa nyumba na mabinti kwa bibi yao huko Umm Salal. Mwenye nyumba na mwanawe hutembea hadi msikitini kabla ya adhuhuri, na hawarudi kabla ya saa sita na nusu, kisha huchukua gari nao waende kula huko kwa bibi. Kwa hiyo uani hakuna mtu. Kimea kikichemka kinanuka uji, na uji haujamfunga mtu. Harufu ya maua ya kwanza na ya pili inafifia motoni, feni inaitoa. Hatari ni yale ya mwisho tu. Yakiguswa na maji moto, harufu inatoka nje kutembea. Kioko alipiga hesabu ya saa kama alivyofanya kiwandani. Moto uzimwe saa sita kamili, sufuria ifunikwe, iketi kwenye beseni la barafu. Nusu saa inatosha upepo kubeba kila kitu.

Hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini hesabu ya mnyonge ni sawa mpaka mkubwa aamue.

*

Saa mbili asubuhi, kimea kimekwisha kulowekwa katika maji moto, Nick alipiga simu.

"Kioko, uko wapi? Vaa. Unaingia saa nne."

"Supavaiza, leo ni ofu yangu. Niliiomba wiki tatu zilizopita."

"Ofu ilikuwa yako, sasa si yako. Kuna mtu hakuja. Au nikuandike hukutaka kazi?"

Kioko aliweka simu chini akatazama sufuria. Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni, kanga kiunoni, nywele amezifunga kwa leso.

"Mwaga," akasema. "Tutapika Ijumaa nyingine."

"Shayiri imechukua siku kumi na moja. Agosti inaisha. Na kimea kikishalowa hakingoji, kwa joto hili jioni ni siki."

"Basi nifundishe."

"Utaweza?"

"Mimi nasuka mistari mia moja na ishirini kichwani mwa mtu na hakuna unaopinda. Nifundishe, Afande."

Akamfunga maua katika vikaratasi vitatu. Akaandika moja, mbili, tatu. Akamuonyesha povu litapandaje na namna ya kulipuliza. "Usihesabu likianza kuchemka. Hesabu likianguka. Na ya tatu, mpenzi, usiitie mapema. Ukitia mapema umetia uchungu juu ya uchungu."

"Nimesikia."

"Nipigie kila hatua. Nitakaa juu kwenye mwanga."

Akambusu paji la uso, akatoka mbio, mstari wa suruali umekunjika.

Povu lilianguka saa tano kamili. Kwamboka alitia karatasi ya kwanza, akapiga simu.

"Imeingia. Eh, inachoma pua!"

"Itatulia. Umevaa nini?"

"Kioko, nina sufuria ya moto mbele yangu."

"Nauliza tu."

"Nimevaa jasho. Kwaheri."

Saa tano na dakika arobaini na tano, ya pili.

"Nimetia. Imebadilika rangi, imekuwa kama chai ya rangi. Nimeonja kidogo na kijiko."

"Ikoje?"

"Chungu. Lakini chungu nzuri, kama mtu anakugombeza na anakupenda." Kwamboka alikuwa anacheka. "Unajua nini? Nimefikiria, siku yenyewe nitavaa ile gauni ya rangi ya maziwa. Carolyne wa saluni anaishona mikono. Na wewe usivae hiyo yunifomu."

"Nitavaa suti."

"Una suti wewe?"

"Nitakuwa nayo."

Hapo ndipo walipokuwa na furaha, na wala hawakujua. Sisi tuliozika tunajua. Furaha haipigi hodi ikiondoka.

Kwa maana wiki hiyo agizo lilikuwa limetoka kwamba hotuba za Ijumaa zifupishwe kwa sababu ya joto. Tangazo lilibandikwa milangoni mwa misikiti, mahali ambapo Kwamboka na Kioko hawapiti na Philip hapiti. Wakubwa waliwahurumia watu jua, sikatai. Nick naye alibadilisha zamu bila huruma yoyote. Nyakati mbili zikasogezwa na watu wawili wasiojuana, na aliyebaki katikati ni msichana ameshika mwiko.

Saa sita kasoro dakika tatu, Kwamboka akasikia geti.

Alichungulia dirishani. Mwenye nyumba, kanzu nyeupe, anafuta shingo. Nyuma yake mwanawe, kijana wa miaka ishirini na minne, anachezea simu. Walikuwa hatua thelathini. Karatasi ya tatu ilikuwa imefunguliwa kiganjani mwake, maua yake yote.

Akapiga simu.

"Kioko. Wamerudi."

"Hawawezi. Bado nusu saa."

"Nawaona. Geti limefunguka. Nifanye nini?"

Huko juu ya njia ya magari Kioko alisimama kwenye mwanga mkali, simu imemganda sikioni. Alijua jibu. Mtu yeyote angelijua. Zima, funika, maua mwaga chooni, wakiuliza sema ni uji. Lakini macho yake yaliona sufuria. Aliona miaka kumi na mmoja, na ile barua, na pipa waliloliacha linachemka bila maua ya mwisho. Alimwona Philip ameonja, ameinua nyusi: uji mchungu huu, Mkamba.

"Umebakisha dakika ngapi?" akauliza.

"Tatu. Kioko, wanakuja."

"Zima moto. Tia. Tia, ufunike haraka."

"Nitie?"

"Tia!"

Akatia.

Harufu ilipanda kabla ya kifuniko kushuka. Ganda la chungwa, majani, utomvu. Ikapita dirishani, ikavuka ua kwenye hewa isiyo na upepo, ikawakuta wale wawili. Mwenye nyumba alisimama akashangaa, kwani hakuwahi kuinusa maishani. Mwanawe aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Alikuwa amesoma Ulaya miaka minne, karibu na kiwanda cha bia, na akanusa mara moja tu.

"Baba," akasema, "hii ni bia."

Wewe kijana, huko ulipelekwa na pesa za baba kuijua; sisi tuliifanyia kazi tukafukuzwa, tukaipika tukafungwa. Lakini wacha niendelee.

Mwenye nyumba alisimama mlangoni mwa jiko. Hakupiga kelele. "Philip anajua?" akauliza.

"Hapana, Baba," Kwamboka akajibu. "Hajui. Ni yangu peke yangu."

"Nani alikufundisha?"

Simu ilikuwa bado iko hewani, kwenye pindo la kanga. Kioko alisikia swali. Alisikia na jibu.

"Hakuna. Nilijifundisha."

*

Philip alipiga jioni, sauti imekauka. "Usikanyage huku. Umenisikia? Polisi wamemchukua, amewaambia ni yake peke yake."

"Mjomba, nakwenda kusema ukweli."

"Ukweli upi? Ukisema wewe, umemfanya mwongo, na mwongo anaongezewa. Kisha wataniuliza mimi, na mimi nina watoto watatu shuleni. Kaa. Mungu atafanya njia."

Mzee aliyetaka chungu sasa anataka Mungu. Lakini Kioko alikubali, na alikubali upesi, na hilo ndilo lililomla baadaye. Siku ya sita akavaa shati lake akaenda hadi kituo cha polisi. Alifika mlangoni. Askari kijana, mpole kabisa, akamwuliza kwa Kiingereza anataka nini.

"Nimepotea njia," Kioko akasema.

Askari akamuelekeza kituo cha basi.

Siku ya kumi na tisa, saa nane mchana, akiwa juu kwenye mwanga, simu ikalia kwa namba asiyoijua.

"Soja."

"Kwambo! Uko wapi? Umetoka?"

"Niko kwenye basi. Tunapelekwa uwanja wa ndege. Hii simu ni ya dada mmoja wa Uganda, ana dakika chache, kwa hiyo usilie."

"Silii."

"Unalia. Mimi nakujua."

"Nakuja huko. Nakuja sasa hivi."

"Hutaniona. Tunapitishiwa mlango mwingine." Kulikuwa na sauti ya injini, na mtu anakohoa. "Wamechukua alama za vidole. Sirudi tena hapa. Zile kucha walinifutisha, moja moja."

"Nilikuja, Kwamboka. Siku ya sita."

"Ulifika wapi?"

"Mlangoni."

"Ukasema nini?"

Angeweza kudanganya. "Nilisema nimepotea njia."

Kwamboka akacheka, kile kicheko, lakini hakikupanda ngazi zote. "Angalau hapo hukusema uongo."

"Nikuoe," Kioko akasema. Nick alikuwa amesimama chini, anamtazama, ameinua saa yake ya mkononi. Kioko akampa mgongo. "Nisikilize. Nitaomba likizo, nitakuja Kisii, nitakuja na suti. Nikuoe."

"Likizo yako ni lini?"

"Ni... mkataba unaisha baada ya miaka miwili. Lakini nitaomba."

"Kioko, nilipokupigia nikakwambia geti limefunguka, ulisikia nini?"

"Nilisikia wamerudi."

"Nilikuuliza nifanye nini. Mimi sikuwa nikiulizia maua."

Magari yalikuwa yanapanda, yanampigia honi.

"Najua," akasema. "Sasa najua."

"Najua unajua. Ndiyo sababu nimepiga. Hasira iliniisha siku ya kumi. Nilikuwa nalala pale najiambia, atakuja. Asubuhi, atakuja. Kitu kikichemka muda wote huo kinabaki nini? Wewe ndiye fundi, sema."

Kioko akasogea kando, gari likapita.

"Ulinidanganya ukutani pale," akaendelea, taratibu, kama anamliwaza yeye. "Anayechelewa ndiye anayenukia. Hiyo ni bia, mpenzi. Mtu si bia."

"Kwamboka, tafadhali."

"Dada anataka simu yake. Mwambie mjomba sina neno naye. Mwambie Carolyne gauni ampe mwingine, mikono ilikuwa mizuri. Walimwaga yote, unajua? Lakini nikuambie kitu. Ilinukia vizuri, Kioko. Nilipotia, pale pale wakiwa mlangoni, nilifumba macho."

Simu ikakatika. Alipiga tena akapata mashine inayosema Kiarabu. Juu ya majengo ndege zilikuwa zinapaa moja baada ya nyingine, zote zinafanana.

"Kioko!" Nick aliita. "Posti yako iko chini!"

Akashuka.

*

Likizo aliomba mara tatu, na mara mbili ikaandikwa hapana, na ya mwisho haikuandikwa kitu. Namba ya Kisii aliyopewa na Philip ililia mara ya kwanza ikapokewa na mwanamke mzee aliyesema Kwamboka ameenda mtoni. Mara ya pili ameenda mtoni. Mara ya tatu haikupokelewa.

Oktoba, Alhamisi moja, alipita upande upande katikati ya watu pale Souq Waqif, yunifomu haina pasi. Mhadhrami alimtambua.

"Ahaa, mlinzi wangu! Na yule bibie wa kucha yuko wapi? Yule acheka mpaka mtu apona."

"Ameenda nyumbani."

"Atarudi lini?"

"Nipimie maua, mzee. Kiganja kimoja tu."

Mwenye duka akapima, akafunga, akamtazama usoni vizuri. "Leo wataka ya kunusa?"

"Leo ni ya usingizi."

"Basi nisikilize, mwanangu. Maji yakichemka, watia, wahesabu dakika tano, waepua. Isizidi. Ikizidi yawa chungu, hainyweki."

"Najua," Kioko alisema.

Kesho yake, Ijumaa, wenzake wa chumbani walikwenda ibadani Mesaimeer. Yeye alibaki. Akaweka sufuria ndogo motoni, akatia kiganja chote kwa mara moja, akaketi juu ya ndoo mbele ya jiko. Harufu ilipanda, chungwa na majani, ikajaa jiko lote. Hakufumba macho. Aliitazama saa ya simu yake, na dakika ya tano ilipofika hakuinuka. Wala ya kumi na tano. Wala ya thelathini. Harufu ikafifia, ikaisha kabisa, na yeye bado ameketi, mpaka ikatimia saa nzima.

Akazima moto, akajimiminia kikombe, akanywa chote.